Sala ya Jamaa na Malezi ya Imani Ugenini



Ndugu wasomaji, mwezi huu nimekusudia kuzungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu analijua, na pengine kwa sababu hiyo ndiyo hatulizungumzi: kuhudhuria ibada pamoja na wenzetu, kwa wakati wake, bila ya kukatisha. Wapo miongoni mwetu wasemao kwamba imani iko moyoni, kwamba ardhi yote ni mahali pa kusujudu, na kwamba mtu mwenye kazi za zamu hapa London hana budi kusali pale alipo, na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) anaijua nia yake. Maneno hayo yana ukweli, lakini si ukweli wote. Moyo nao huhitaji kulelewa, na malezi yake ni mazito mno kwa mtu aliye peke yake.

Suala hili si letu sisi tu. Jirani zetu Wakristo wamekuwa wakilijadili tangu dini yao ilipoanza. Ndani ya Agano Jipya umo Waraka kwa Waebrania, na humo waumini wa mwanzo wanaonywa wasiache kukusanyika pamoja, kama walivyokwisha kuzoea baadhi yao. Kumbe hata zama zile walikuwapo walioona kwamba yatosha kuamini ukiwa nyumbani! Kwa Mkristo anayeishika dini yake, kwenda kanisani kila Jumapili si kusikiliza mahubiri tu, kwani mahubiri angeweza kuyasikia redioni. Huko huomba pamoja na wenzake, huungama, hushiriki meza moja nao, na hujulikana akiwapo na akikosekana. Sisi na wao tunatofautiana katika misingi ya itikadi, wala sikusudii kuifunika tofauti hiyo. Lakini katika hili la mahudhurio, uzoefu wao una mafunzo kwetu.

Waliokulia Mombasa wanapajua Kengeleni, njiani kwenda Kisauni. Wengi tumepapita mara nyingi bila ya kujiuliza jina lile limetoka wapi. Limetokana na kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisheni wa Church Missionary Society kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka utumwani. Historia hiyo ina uchungu wake, na sehemu ya uchungu huo inatugusa sisi watu wa pwani. Waliofikishwa pale walikuwa Wayao, Wamakua, watu wa Nyasa na wengineo. Hawakuwa na ukoo mmoja, wala lugha moja ya mama, wala mzee mmoja wa kuwapatanisha. Kengele ile iliwatahadharisha inapokuja hatari, na iliwaita kwenye ibada. Kwa kuitika mwito huo siku baada ya siku, watu waliokuwa wametenganishwa na kila jamaa yao wakawa jamaa mpya. Unguja nako, baada ya soko la watumwa la Mkunazini kufungwa mwaka 1873, Waanglikana walijenga kanisa lao mahali palepale, na Askofu Edward Steere, aliyejulikana sana kwa kazi zake za lugha ya Kiswahili, akawaongoza watu ibada kwa lugha waliyoielewa. Imani mpya ya watu wale isingaliota mizizi kwa kufundishwa darasani tu. Ilikuzwa na mkusanyiko uliokuwa ukirudiwa.

Sasa na tuje hapa tulipo. Katika mtaa wa Brick Lane, mashariki ya London, lipo jengo ambalo kila mzazi angefaa kuwapeleka watoto wake walitazame. Lilijengwa mwaka 1743 na Waprotestanti wa Kifaransa waitwao Wahugenoti, ambao wazee wao walikimbia mateso nchini kwao, hasa baada ya mfalme wa Ufaransa kuwafutia haki zao za ibada mwaka 1685. Walikuwa wafumaji wa hariri, wahamiaji kama sisi, na walijenga kanisa kwa sababu walikuwa wengi na walihitaji nafasi. Mwaka 1819 jengo hilo lilikuwa kanisa la Wamethodisti wa Kiingereza. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Mayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki. Tangu mwaka 1976 ni msikiti, uliofunguliwa na ndugu zetu wa Bangladesh.

Sisi Waislamu hupenda kuitaja habari hii kwa furaha, na furaha hiyo ni halali. Lakini ndani yake mna onyo. Wahugenoti hawakufukuzwa kutoka kanisani mwao. Hakuna sheria ya Uingereza iliyowakataza kusali kwa Kifaransa. Wajukuu walihamia mitaa mingine, wakaoa na kuolewa na wenyeji, wakazoea makanisa ya jirani, na safu zikapungua mwaka hata mwaka. Hatusemi kwamba waliuacha Ukristo, la hasha. Waliuacha mkusanyiko wao, na jengo halikuweza kuwazuia. Hata hivyo, wachache walioendelea kukutana hawakupotea. Hadi leo, huko Soho Square, lipo kanisa la Kiprotestanti la Kifaransa ambalo jumuiya yake ilipewa hati na mfalme mwaka 1550, na jengo lake la sasa ni la mwaka 1893. Wamebadilisha majengo, lakini hawakuacha kukusanyika.

Upande wetu, tazameni Msikiti wa East London. Mfuko wa kujenga msikiti katika jiji hili ulianzishwa mwaka 1910, na miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo Syed Ameer Ali. Msikiti wenyewe ulifunguliwa mwaka 1941, tena katika nyumba za kawaida zilizogeuzwa, barabara ya Commercial Road. Jengo tunalolijua leo, la Whitechapel Road, lilifunguliwa mwaka 1985. Katika miaka ile 31 ya kwanza, Waislamu walikodi kumbi ili wasali Ijumaa. Laiti wangalingoja kuba na mnara ndipo waanze kukusanyika, nani angalibaki wa kuujenga? Jamaa ilitangulia, msikiti ukafuata.

Nini basi hufanyika ndani ya mtu anayehudhuria bila ya kukatisha? La kwanza, ibada yake haitegemei tena hali ya nafsi yake. Anayesali pale tu anapojisikia, ipo siku hatajisikia. Lakini aliyeweka ahadi na safu huenda hata siku ambayo moyo ni mzito, na mara nyingi moyo humfuata njiani. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, ijapokuwa ndogo. La pili, majivuno hupungua. Mwenye shahada husimama bega kwa bega na dereva wa basi, na imamu aweza kuwa kijana aliye mdogo kuliko wote. La tatu, mtu hupata watu wa kumuuliza. Mzee aishiye peke yake ghorofani, ambaye watoto wake wako Birmingham au Leicester, ataulizwa na nani asipoonekana siku tatu? Akiwa na safu yake, jirani yake katika safu atauliza baada ya siku moja.

Ndiyo maana sheria yetu haikuliacha jambo hili kuwa hiari ya mtu binafsi. Sala ya jamaa imetajwa katika Hadithi kuwa inaizidi sala ya mtu peke yake kwa daraja ishirini na saba. Sahaba kipofu aliyeomba ruhusa ya kusali nyumbani aliulizwa kama anaisikia adhana. Aliposema anaisikia, aliambiwa aitike. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, kauli mashuhuri ni kwamba Ijumaa haisihi ila kwa watu arobaini. Fikirini maana yake: palipo na thelathini na tisa, ibada ya watu wote inamngoja mmoja. Huenda mmoja huyo ni wewe.

Nasema haya kwa sababu ya hali tuliyo nayo. Inapokuwa harusi, ukumbi hujaa hadi mlangoni. Inapokuwa hitima au maulidi, watu hutoka Luton na Milton Keynes, na sufuria za pilau huletwa na magari mawili. Lakini Isha ya siku ya kawaida, tukikutana, hatufiki hata safu mbili. Mimi sizibezi shughuli zetu, kwani zimetuweka pamoja kwa miaka mingi. Ila mtoto ana macho. Akiona kwamba baba hupata nafasi ya kwenda harusini umbali wa saa mbili, lakini hapati nafasi ya kwenda msikitini mwendo wa dakika kumi, atajua lipi lina uzito nyumbani kwake, hata tukimhubiria namna gani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Nazijua nyudhuru zetu, wala si za uongo. Kwetu Magharibi haiachani sana na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Hapa London, mwezi wa Desemba jua huzama kabla ya saa kumi za jioni, watoto hawajakaa vizuri kutoka skuli. Mwishoni mwa Juni huzama baada ya saa tatu za usiku, na Isha huangukia wakati ambao mwenye zamu ya alfajiri amekwisha lala. Kazi nazo hazijali adhana. Miaka ya sabini alikuwapo mwalimu mwenzetu, Iftikhar Ahmad, aliyekuwa akifundisha katika skuli za London. Aliomba aruhusiwe kusali Ijumaa, jambo lililomchelewesha darasani kwa kiasi cha dakika arobaini na tano. Waajiri wake walitaka apunguziwe kazi iwe siku nne na nusu, na mshahara upungue vivyo hivyo. Alijiuzulu mwaka 1975, akaenda mahakamani, na mwaka 1977 Mahakama ya Rufani ikamkatalia, ijapokuwa jaji mmoja, Scarman, alitofautiana na wenzake. Shauri lake lilifika hadi Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya, nayo haikulikubali, mwaka 1981.

Mambo yamebadilika tangu hapo. Kanuni za mwaka 2003, na kisha Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, zimeiweka dini miongoni mwa mambo yanayolindwa kazini. Sheria hiyo haimpi mtu ruhusa ya Ijumaa moja kwa moja, lakini mwajiri anayekataa yampasa awe na sababu ya maana inayohusu kazi yenyewe. Basi usitoroke kazini, wala usinyamaze ukaikosa Ijumaa miaka kumi. Mwandikie mkubwa wako barua ya adabu, mweleze muda unaouhitaji, jitolee kuufidia asubuhi au jioni, na utumie saa yako ya chakula. Wengi walioomba hivyo wamekubaliwa, na walioogopa kuomba hawakupata kujua.

Kwa wale wasioweza kufika msikitini kila siku, na kwa akina mama wenye watoto wadogo, mlango haukufungwa. Jamaa ni watu wawili na kuendelea. Baba, mama na watoto wakisali Magharibi pamoja sebuleni, runinga ikiwa imezimwa, hiyo ni jamaa kamili. Wanawake wanaotaka kuhudhuria nao wamepata nafasi zaidi kuliko zamani. Msikiti wa East London, kwa mfano, ulifungua kituo cha wanawake, Maryam Centre, mwaka 2013.

Ushauri wangu ni mdogo, ili uweze kudumu. Kila nyumba ichague sala moja tu ya kila siku isaliwe kwa jamaa, hata ikiwa ya watu wawili. Kila mwanamume aichague pia sala moja ya wiki, mbali na Ijumaa, ambayo hataikosa msikitini ila kwa maradhi au safari, na amchukue mtoto mmoja pamoja naye. Na kila mmoja wetu amwangalie anayesimama kuliani kwake na kushotoni kwake, ajue jina lake na anapoishi. Asipomwona wiki mbili, ampigie simu au amgongee mlango.

Ipo siku kila mmoja wetu atasaliwa sala isiyo na rukuu wala sijida, naye hatakuwa na uwezo wa kuwaita watu. Watakaosimama siku hiyo ni wale aliozoea kusimama nao. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaoitika, na atulindie vizazi vyetu katika nchi hii na popote watakapokuwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.