Maji ya Bubu Hayaendi Baharini

Mto Bubu unapita katika nchi ya Kondoa ukielekea kusini, na safari yake inakoma katika kinamasi cha Bahi. Si kama Ruvu wala Rufiji, mito inayomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Maji ya Bubu hufika Bahi, yakazama ardhini au yakanyonywa na jua, na kilichokuwamo ndani yake hubaki palepale, katika nchi inayolima mpunga na kuvua samaki. Ndiyo maana mjadala wa madini katika uwanda wa kati hauwezi kunakiliwa kutoka Geita au Mara.

Kinyesi huoza. Mafuta huvunjwavunjwa na vijidudu. Risasi hubaki risasi, na kadmiamu hubaki kadmiamu. Katika bonde lisilo na mlango wa kutokea, kila gramu inayoingia ni ya kudumu.

Uwanda huu si mgeni wa madini. Sekenke, mkoani Singida, ilichimbwa dhahabu tangu enzi za Wajerumani, na miaka ya karibuni watafutaji wa urani wamefika Bahi na Manyoni. Kwa hiyo swali la kusafisha majitaka ya migodi si la kusubiri hadi siku ya maafa.

Ipo njia ninayopenda kuwaeleza wanafunzi, kwa sababu inaondoa kisingizio kwamba usafishaji ni jambo lisilowezekana. Ni njia ya viputo. Wachenjuaji wameitumia kwa zaidi ya miaka 100 kutenga shaba na zinki na mawe yaliyosagwa. Mwaka 1959 mkemia Felix Sebba, aliyekuwa akifanya kazi Afrika Kusini, akaonyesha kwamba viputo vinaweza kukusanya hata ayoni zilizoyeyuka majini. Kwa majitaka, chokaa hutiwa kwanza ili asidi ipungue na metali nyingi zigande kuwa chembe laini. Kisha huongezwa kemikali yenye tabia ya sabuni: upande mmoja hung'ang'ania chembe, upande mwingine huyakimbia maji na kutafuta hewa. Hewa ikipulizwa kutoka chini kwa viputo vyembamba, chembe hupanda navyo hadi juu, zikawa povu linalokwanguliwa. Chembe nyepesi ambazo zingechukua muda mrefu kuzama huondolewa kwa muda mfupi, katika tangi lisilohitaji eneo kubwa.

Haya si miujiza. Zebaki na aseniki huhitaji matayarisho mengine, kwa kuwa chokaa peke yake haizitoshi. Mitambo inataka umeme na mtu anayejua kupima. Na povu lenyewe ni sumu iliyokusanywa: halijatoweka, limehamishwa tu.

Tunajua kinachotokea pale kinga inapokosekana au inapozembewa. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodi wa North Mara na kuingia Mto Tigithe, wilayani Tarime. Miaka 10 baadaye, Mei 2019, mgodi huohuo ulitozwa faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya uvujaji wa bwawa la topesumu. Faini ni halali, ila huja baada ya mto kuchafuka. Na Tigithe angalau huingia Mara, na Mara huingia Ziwa Victoria. Bubu hana ziwa la kumpokea mzigo.

Mtu ataniambia kwamba masharti mazito yatawafukuza wawekezaji. Wazee wa Kondoa wanayo historia ya kumjibu. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali iliamuru mifugo yote iondolewe katika eneo la Irangi lililomomonyoka. Watu walipoteza ng'ombe, maziwa na samadi kwa siku moja ya amri, ili udongo upone. Kama dola iliweza kumdai mfugaji hayo yote kwa ajili ya ardhi, inashindwaje kumdai mwenye leseni tangi, pampu na maabara?

Wachimbaji wadogo ni suala jingine. Hawawezi kununua mtambo kila mmoja, wala si haki kuwatoza kama kampuni. Pendekezo langu ni kwamba uchenjuaji wao ukusanywe katika vituo vichache vyenye mtambo mmoja wa pamoja, na sehemu ya mrabaha wanaolipa irudi kuuendesha. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Mkataba huo hautekelezwi kwa semina za hotelini.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 tayari inadai tathmini ya athari kabla mradi haujaanza. Kwa hiyo watumishi mnaopitia tathmini hizo, msiridhike na sentensi kwamba majitaka "yatasafishwa". Ulizeni kwa njia gani, nani atapima, na kama matokeo yatabandikwa katika ofisi ya kijiji kilicho chini ya mto. Kisha ulizeni povu litahifadhiwa wapi, na nani atalilinda mgodi ukishafungwa.