Kishikwambi cha Windows Mezani: Madai Manne na Majibu Yake

Anayetaka kuachana na kompyuta ya mezani na kuhamia kwenye kishikwambi cha Windows chenye doki huonywa kwa madai yaleyale kila mara. Nayajibu hapa nikitumia mfano wa Surface Pro ya Microsoft.

"Hakifungui programu za kazi." Hilo lilikuwa kweli kwa Surface RT ya 2012, iliyokataa programu za kawaida za kompyuta. Surface Pro, iliyoingia sokoni 2013, ilikuja na prosesa ya Intel na Windows kamili; programu ya uhasibu inayofunguka ofisini hufunguka humo pia. Matoleo yenye prosesa ya Snapdragon ndiyo ya kukagua kwanza, hasa kama una printa ya zamani.

"Skrini ndogo itakuumiza shingo." Udogo huo ni wa safarini. Surface Dock ya 2015 ina matundu mawili ya monita, manne ya USB na moja la kebo ya mtandao. Vifaa vyote hubaki vimechomekwa kwenye doki. Ukifika, unasogeza kebo moja ubavuni mwa kishikwambi, sumaku inaidaka, monita zinawaka na chaji inaingia kupitia kebo hiyohiyo. Ukichomoa, kazi uliyoiacha wazi unaondoka nayo.

"Hakina nguvu." Inategemea kazi. Mwili mwembamba hautoi joto haraka, hivyo prosesa ikielemewa kwa muda mrefu hujipunguzia kasi. Anayehariri video kutwa nzima abaki na kompyuta ya mezani. Lakini barua, hesabu za Excel na mikutano ya mtandaoni havifikii huko. Tena umeme ukikatika, monita huzimika lakini betri inakupa nafasi ya kuhifadhi kazi. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS huzimika nayo yote.

"Hakitengenezeki." Hapa wapinzani wana hoja. Ingawa SSD ya Surface Pro 8 ya 2021 inatoka, RAM imelehemiwa kwenye ubao na haiongezeki. Hiyo ni sababu ya kununua kwa uangalifu, wala si ya kukataa: chukua GB 16 tangu mwanzo, hata ikibidi kusubiri mwezi mmoja zaidi. Kwa mtu wa ofisi anayehamahama, kifaa kimoja kinachotosha kote ni bora kuliko viwili vyenye faili zisizolingana.