'Maisha' au 'Afya': Kiunganishi Kinachoweza Kumwokoa Mama

Mjadala kuhusu utoaji mimba nchini aghalabu huanza kwa hasira na kuishia kwa hasira. Wanaoupinga hutaja utakatifu wa uhai. Wanaoutetea hutaja haki za mwanamke. Kati ya makundi haya mawili yuko mama asiyekuwa na nia yoyote ya kutoa mimba, aliyekwisha kumchagulia mwanawe jina, lakini ambaye mimba yenyewe imeanza kumdhuru. Huyo ndiye ninayekusudia kumzungumzia.

Tuchukue mfano wa mama mwenye mimba ya majuma 22. Shinikizo la damu limepanda ghafla, kichwa kinamgonga, macho yameingia kiwi na figo zimeanza kudhoofika. Wakunga wanazijua dalili hizi: ni za ugonjwa unaotangulia kifafa cha mimba, ambao kwa kawaida hujitokeza baada ya majuma 20. Zipo dawa za kuteremsha shinikizo la damu na za kuzuia mtukutiko, lakini hizo huahirisha hatari tu. Tiba yenyewe ni kuikomesha mimba na kuliondoa kondo la nyuma. Mimba ingekuwa ya majuma 34, mtoto angezalishwa mapema na kutunzwa hadi apate nguvu. Katika majuma 22 mapafu yake hayajapevuka, na matumaini ya kuishi ni haba mno. Je, daktari afanyeje?

Kifungu cha 26 cha Katiba ya mwaka 2010 chasema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Kisha chakataza utoaji mimba, isipokuwa pale ambapo, kwa maoni ya mhudumu wa afya aliyehitimu, pana haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa inaruhusu. Mimi ni mwanaisimu, si mwanasheria. Kinachonivuta hapa ni kile kineno 'au'. Kiunganishi 'na' hujumlisha masharti; 'au' huyatenganisha, na moja likitimia latosha. Waandishi wa Katiba hawakutaja maisha pekee, wala hawakusema 'maisha na afya'. Wala hawakuweka kikomo cha majuma.

Kanuni ya Adhabu, tuliyoirithi kutoka kwa wakoloni, ina sauti nyingine. Anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria aweza kufungwa miaka 14. Mwanamke mwenyewe, miaka saba. Kifungu cha 240 humkinga anayefanya upasuaji ili kuyahifadhi maisha ya mama. Afya yake haikutajwa. Ni kweli kwamba sheria inayokinzana na Katiba ni batili kwa kadiri ya ukinzani huo. Hata hivyo, mhudumu wa zahanati ya mashambani, asiye na wakili, huikumbuka jela kwanza. Basi husubiri mpaka hatari ya afya igeuke hatari ya maisha. Wahenga walinena kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Hapa humwua mwenye tumbo.

Ithibati ya jambo hili twaipata Ireland. Kuanzia mwaka 1983, katiba ya nchi hiyo ilisawazisha haki ya uhai ya mama na ya mtoto aliye tumboni, na mimba haikuweza kukomeshwa ila maisha ya mama yakiwa hatarini. Oktoba 2012, Savita Halappanavar, mwenye umri wa miaka 31, alilazwa Galway mimba yake ya majuma 17 ikiharibika. Aliomba ikomeshwe, akanyimwa kwa kuwa moyo wa kijusi ulikuwa ungali ukipiga. Maambukizi yalienea katika damu, naye akafariki tarehe 28. Mwaka 2018 wananchi walipiga kura kukiondoa kifungu hicho, na sheria iliyofuata ikataja afya pamoja na maisha.

Wapo wanaohofu kwamba neno 'afya' ni mlango usio na komeo. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, lakini komeo lipo: ni maoni ya mhudumu aliyehitimu, ambaye Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imemweleza bayana. Isitoshe, mtoto akiwa amekomaa kiasi cha kuweza kuishi, kumnusuru mama si kumwua mtoto. Ni kumzalisha kabla ya siku zake. Kuyaita matendo haya yote 'kutoa mimba' ni kasoro ya lugha inayozaa kasoro ya fikra. Walimu na wanafunzi wana wajibu wa kuyatenga maneno haya kabla ya kuanza midahalo yao.

Wizara ya Afya iliuondoa mwongozo wake mwaka 2013, na mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hatua hiyo ilikiuka sheria. Bunge nalo lina deni: kuioanisha Kanuni ya Adhabu na Katiba, ili mhudumu asilazimike kuchagua kati ya mgonjwa wake na jela. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni rahisi kwetu sisi tusioubeba kumwambia mama asubiri kidogo.