Mfadhili akilipia dawa, mzazi aulize nini?

Katikati ya miaka ya 2000, Newala na Tandahimba zilikuwa kati ya wilaya tano za Mtwara na Lindi ambako watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao walipima njia hii: mtoto wa chini ya mwaka mmoja apewe dawa ya malaria ya SP siku anapochanjwa. Fedha zilitoka kwa mfuko wa tajiri wa Marekani, Bill Gates, na mkewe wakati huo, Melinda.

Mwaka 2008 ilifahamika kuwa Dk. Arata Kochi, mkuu wa malaria WHO, alimwandikia mkurugenzi wake kulalamika. Watafiti wengi wakubwa wanalipwa na mfuko huo, alisema, hivyo ni vigumu kupata wa kuwakagua kwa uhuru. Mfano mmoja alioutaja ni njia hiyo ya SP.

Je, dawa ilikuwa mbaya? Hapana. Majaribio yaliyojumlishwa mwaka 2009 yalionyesha inapunguza malaria kwa takriban asilimia 30 katika mwaka wa kwanza wa mtoto. WHO iliipendekeza mwaka 2010. Hoja ni kwamba anayelipia utafiti asiwe pia hakimu wake.

Ukiombwa mwanao aingie kwenye utafiti, uliza: Nani analipia? NIMR imeuidhinisha? Nikikataa, ataendelea kutibiwa? Hilo la mwisho lazima lijibiwe ndiyo. Chanjo na chandarua usiviache, wala usimnunulie mtoto SP dukani.