Utamu Wote Kabla ya Kulipa

Ingia duka lolote la nguo, viatu au simu mjini, utakuta ukutani vitu viwili: picha ya Rais, na karatasi inayosema mali ikishauzwa hairudishwi. Maneno hayo yamo pia kwenye risiti, pengine kwa wino mzito kuliko jina la duka lenyewe. Tumeyazoea kiasi kwamba hatuyasomi tena. Lakini yanaeleza kwa ufupi namna tunavyofanya biashara: wema wa muuzaji una mpaka, na mpaka wenyewe ni pale pesa inapoingia kwenye droo.

Tunapojadili huduma kwa mteja, mazungumzo huishia kwenye lugha. Mhudumu alinuna. Mhudumu alijibu kwa mkato. Mhudumu alikuwa anachezea simu huku mama wa watu amesimama. Dawa inayopendekezwa nayo ni ya lugha: semina, mafunzo ya kutabasamu, na kila Oktoba wiki ya huduma kwa wateja, ambapo mabenki na mashirika hukata keki na kuvaa fulana mpya. Sina ugomvi na keki. Ninachosema ni kwamba tunapima mahali pasipopimika. Muuzaji mwema na tapeli wote wawili wana lugha nzuri, na mara nyingi tapeli anamshinda mwenzake. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hawakusema humfanya nini akishatoka. Tofauti ya wawili hao huonekana baada ya malipo, pale kiatu kinapobana, simu inapogoma kuwaka, au gauni lililokuwa la hariri kwenye picha linapofika likiwa kitambaa cha pazia.

Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, ni mahali pazuri pa kuliona jambo hili. Hata kabla hujavuka barabara unapokelewa na winga. Yeye hana frem ya duka wala hana mzigo. Ana miguu, mdomo na kumbukumbu ya nani anauza nini. Atakuita bosi, atakuita dada mrembo, atakubebea mfuko, atakuketisha na kukuletea viatu kutoka maduka matatu tofauti, kila jozi ikiwa na cha juu chake. Kwa kipimo cha ukarimu, hakuna hoteli ya nyota tano inayomfikia. Rudi kesho yake na soli iliyobanduka. Winga humwoni, na mwenye duka anakwambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba yeye hakukuuzia wewe. Na kwa hesabu zake anasema kweli: alimuuzia winga.

Sasa mtazame Mangi, mwenye duka la mtaani. Huyu hatabasamu. Yuko nyuma ya wavu wa nondo, macho kwenye televisheni, anakuhudumia kana kwamba umemkatiza mechi. Chenji ikikosekana atakusukumia pipi au kiberiti bila kukuuliza kama unavuta sigara. Lakini mtoto akirudishwa na mkate ulioota ukungu au yai viza, Mangi analipokea, analinusa, analitupa na kutoa jingine. Haulizi risiti, kwa kuwa hakutoa. Juu ya kaunta amebandika kwamba kukopa harusi kulipa matanga, na chini ya kaunta ana daftari lenye majina ya nusu ya mtaa. Kwa lugha, Mangi anafeli. Kwa kazi yenyewe, hakuna duka kubwa lenye viyoyozi linalomkaribia.

Sidhani Mangi ana roho nzuri kuliko winga. Amebanwa tu. Anaishi kwa sabuni ya leo, unga wa kesho na vocha ya keshokutwa, kutoka kwa watu walewale. Yai viza moja asilolibadilisha litamwondolea nyumba nzima, na nyumba hiyo itasimulia bombani. Winga anakutana nawe mara moja katika bahari ya watu. Huduma nzuri, kwa maoni yangu, hutoka kwenye kamba inayomfunga muuzaji kwa mteja baada ya malipo, na tabasamu ni pambo juu yake.

Wapo wanaolaumu historia kwa huduma yetu mbovu. Mwaka 1976 Tanzania ilipitisha Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Mikoani bidhaa ziligawiwa na kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Vita vya Kagera vilipokwisha mwaka 1979, sabuni, sukari na khanga vikawa vitu vya foleni na vya kujuana, hadi mwaka 1983 serikali ikaendesha msako wa wahujumu uchumi. Katika miaka hiyo aliyesimama nyuma ya kaunta alikuwa mgawaji, na mnunuzi alikuwa mwombaji. Ukifokewa unashukuru, mradi kipande cha sabuni umekipata. Bajeti ya 1984 ilianza kulegeza milango, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa, mitumba na bidhaa za nje zikamwagika.

Hoja hiyo ina ukweli, ila imezeeka. Kijana anayeuza simu leo hakuzaliwa wakati wa foleni hizo. Tena Kenya haikufunga maduka mwaka 1976, na bado risiti za Nairobi zina sentensi ileile ya mali kutorudishwa. Kwa hiyo tusimtwishe marehemu RTC mzigo usio wake.

Mtandaoni ile kamba ya Mangi imekatika kabisa. Picha ya gauni imewekwa, watu wanauliza bei, jibu ni moja kwa wote: njoo DM. Ukienda huko unapokelewa kwa mioyo na maua, unaambiwa zimebaki mbili tu, na kwamba malipo yanatangulia. Picha yenyewe mara nyingi imechukuliwa kwenye tovuti ya kiwanda huko China. Muuzaji hajawahi kulishika gauni hilo. Likija tofauti, ukalalamika chini ya picha, maoni yako yanafutwa. Ukirudia, unapigwa bloku. Ukurasa unabaki na sifa tupu, na mteja mpya anayeingia kesho anaamini hakuna aliyewahi kuumia.

Anayeumia zaidi ni mnunuzi wa mikoani, na habari zake husemwa kidogo sana. Mtu wa Dar es Salaam anaweza walau kwenda kuitafuta frem. Mwalimu aliyeko Sumbawanga au muuguzi wa Kibondo anatuma pesa ya gauni, anatuma na ya kutolea, kisha anasubiri mzigo upakiwe kwenye basi. Anaupokea ofisi ya basi akiwa ameshalipa nauli ya kifurushi, anaufungulia nyumbani, na namba ya nguo si aliyoagiza. Muuzaji hakatai kubadilisha. Anasema tu, rudisha kwa gharama zako. Nauli ya kwenda na ya kurudi, ukijumlisha na kwenda stendi mara mbili, inakaribia bei ya gauni lenyewe. Basi analigawa kwa binti wa dada yake na kunyamaza. Kimya hicho muuzaji anakihesabu kuwa mteja ameridhika.

Hata hivyo nitakuwa mwonevu nikiwaacha wauzaji bila utetezi. Ile lipa kwanza haikuzuka hewani. Muulize dada yeyote anayeuza kwa WhatsApp, atakusimulia bodaboda aliyetumwa Mbezi na viatu, alipofika simu ya mteja imezimwa. Nauli ya boda imeliwa, viatu vimerudi, na siku imeharibika. Kuna wateja wanaoagiza saizi tatu na kuchukua moja, na wanaoulizia bei kama wanaoandika ripoti. Kuna gauni linaloondoka Ijumaa, linakwenda ukumbini Jumamosi, na Jumatatu linarudishwa likinukia manukato kwa madai kwamba linabana. Na hiyo njoo DM ina sababu moja ya haki: wapinzani huchungulia bei na kushusha mia mbili. Sababu nyingine, kwamba bei hupangwa kwa kutazama picha yako ya wasifu, haina haki yoyote.

Kwa hiyo pande zote mbili zinaogopana, na katikati hakuna mwamuzi. Jumia, kampuni ya soko la mtandaoni ambayo ingeweza kuwa mwamuzi wa namna fulani, ilifunga shughuli zake Tanzania mwezi Novemba 2019 huku ikiendelea Kenya. Tulichobaki nacho kwa sehemu kubwa ni kurasa za Instagram, makundi ya WhatsApp na pesa ya simu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, kutuma hela kumekuwa jambo la sekunde. Kuirudisha kunategemea huruma ya aliyeipokea.

Sheria je? Ipo, na ni nzuri kuliko tunavyodhani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, na ndani yake mna kanuni kwamba kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Picha na maandishi yake mtandaoni ni maelezo hayohayo. Mnunuzi wa Sumbawanga, ambaye hakukigusa kitu kabla ya kulipa, ana hoja yenye nguvu kuliko aliyekwenda dukani akakigeuza na kukipima. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi na imeunda Tume ya Ushindani, FCC. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe kwa jina na anwani na aeleze bidhaa yake. Fungua kurasa za wauzaji kwenye simu yako uhesabu wangapi wana anwani zaidi ya maneno “Tupo Kariakoo, tunatuma mikoa yote”.

Shida ni kwamba hakuna mtu atakayekwenda mahakamani kwa blauzi ya shilingi 25,000. Haki inayogharimu kuliko kitu kinachodaiwa ni haki ya kwenye karatasi. Ndiyo maana naamini suluhisho litatoka kwenye njia ya malipo kuliko kwenye kifungu cha sheria.

Wachina, ambao ndio wanaotuuzia sehemu kubwa ya mzigo wa Kariakoo, walikutana na hofu hiihii. Taobao ilipoanza mwaka 2003, mnunuzi hakumwamini muuzaji wala muuzaji hakumwamini mnunuzi. Mwaka huohuo ikaanza huduma ya Alipay ya kushika pesa katikati: mnunuzi analipa, muuzaji anaona malipo yapo na anatuma mzigo, na pesa inamfikia pale mnunuzi anapothibitisha kuupokea. Haikuhitaji mtu yeyote awe malaika. Kampuni zetu za simu zina mitambo, zina mawakala hadi vijijini, na zinamfahamu kila mwenye namba kwa alama za vidole. Kushika shilingi 25,000 kwa siku tano hakuwezi kuwashinda watu wanaotukopesha salio na kutukata riba usiku wa manane. Huduma hiyo ikiwekwa kwenye menyu ileile ya Lipa Namba, kwa ada ndogo inayojulikana, dada wa WhatsApp atakuwa na uhakika kwamba safari ya boda kwenda Mbezi haiendi bure, na mwalimu wa Sumbawanga atakuwa na namna ya kumfanya muuzaji apokee simu.

Kwenye maduka ya kawaida kazi ni ya tajiri mwenyewe. Msichana tunayemlaumu kwa kununa analipwa kidogo, anasimama tangu asubuhi, na hana ruhusa ya kubadilisha hata jozi ya soksi. Mteja akija na malalamiko, neno pekee alilopewa ni “bosi hayupo”. Bosi yuko Guangzhou au Dubai anafuata mzigo, simu haipatikani. Umtume semina mara kumi, atarudi akisema bosi hayupo huku anatabasamu. Mpe ruhusa ya kubadilisha kitu cha chini ya kiasi fulani bila kumpigia mtu, na utaona uso wake unavyobadilika wenyewe.

Ndiyo maana ombi langu ni kwa wenye maduka na wenye kurasa. Ng’oeni ile karatasi. Bandikeni nyingine inayosema kitu kibovu kinabadilishwa ndani ya siku kadhaa, kikiwa na lebo yake na risiti, na nani hapo dukani mwenye mamlaka ya kukibadilisha. Wa mtandaoni andikeni bei, mahali mlipo, na nani analipa nauli ya mzigo uliokosewa. Gauni la harusini kataeni, mna haki. Na wewe mnunuzi, muuzaji asiyetaja bei hadharani, asiyesema yuko wapi, na anayetaka hela iende kwenye namba binafsi yenye jina usilolifahamu, usimtumie hata senti, hata kama amekuita malkia.