Bi harusi wa Njombe, tuanze na miguu



Mwezi wa saba tulimsindikiza mwali wetu kwa mumewe Njombe. Sanduku lilijaa: kanga, udi, singo, viatu vya visigino vya kila rangi. Basi liliposimama Makambako jioni, upepo ulitupokea kabla ya wenyeji. Bi harusi amevaa makubazi. Kufika Njombe, kama kilomita 60 mbele, vidole vimekufa ganzi.

Kosa ni letu. Mji ule uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na Juni na Julai baridi yake hufikia umande kuganda. Somo alimfunza mwali kila kitu, ila hakuna aliyeuliza miguu itavaa nini.

Tukamnunulia buti sokoni. Mkanda ukambana juu ya wayo mpaka akachechemea. Shangazi mmoja akasema, "Zoea, mwanamke ni kuvumilia." Hapo hatukubaliani. Vijana wa kaiti pale Paje hawaingii majini kabla ya kurekebisha mikanda ya ubao ikae sawa na miguu yao. Wanaovutwa na kaiti kwenye theluji Ulaya nao hufanya hivyo hivyo. Mchezo unaheshimiwa hivyo, sembuse ndoa?

Tulimpeleka kwa fundi viatu. Alisogeza bizimu, akatoboa tundu jipya, akashona sponji chini ya mkanda. Kazi ndogo, na mwali akatembea. Ushauri wetu: nunua buti kubwa kidogo, soksi nzito ipate nafasi, na ulijaribu ukiwa umeivaa.

Na ibada? Maji ya alfajiri kule yanauma. Dini imetupa nafuu: khofu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu. Ukizivaa ukiwa na udhu kamili, unapangusa juu yake badala ya kuosha miguu: mkaazi mchana mmoja na usiku wake, msafiri siku tatu na usiku zake. Likija josho la wajibu, zinavuliwa. Soksi nyepesi za dukani hazitoshi kwa sisi tunaofuata Imam Shafi.

Basi mama wa bi harusi, punguza jozi moja ya visigino, weka khofu na buti lililokwisha rekebishwa. Stara ni pamoja na mwanao kusimama kwa sala bila kutetemeka.

Allah awabariki maharusi wetu, wa pwani na wa bara. Amin.