Uzito wa chembe moja na mjadala wa faranga bilioni 15

Nchi wanachama wa CERN, shirika la Ulaya la utafiti wa nyuklia lililopo karibu na Geneva, zinakabiliwa na uamuzi mzito unaotarajiwa kufikiwa takriban mwaka 2028: ama kuchimba handaki jipya la mviringo lenye urefu wa kilomita 91 chini ya ardhi ya Uswisi na Ufaransa, ama kuachana na mpango huo. Ripoti ya upembuzi yakinifu iliyotolewa Machi 2025 inakadiria kuwa awamu ya kwanza itagharimu faranga za Uswisi bilioni 15. Miongoni mwa hoja za wanaouunga mkono mradi huo imo haja ya kupima kwa usahihi zaidi chembe iitwayo kwaki topu.

Kwaki ni chembe ndogo ambazo ndizo zinazounda protoni na nyutroni. Zipo aina sita, na topu ndiyo ya mwisho kugunduliwa, mwaka 1995, katika maabara ya Fermilab nchini Marekani. Ajabu yake ni uzito: chembe hiyo moja, isiyo na sehemu za ndani zinazojulikana, inakaribia uzito wa atomu nzima ya dhahabu. Tena haidumu. Huvunjika kabla ya kifaa chochote kuinasa, na wanasayansi hulazimika kuukadiria uzito wake kutokana na mabaki yake.

Mwaka 2024, makundi mawili ya watafiti wa CERN, ATLAS na CMS, yaliunganisha vipimo vyao 15 na kupata gigaelektronivolti 172.52, huku kosa linalowezekana likiwa 0.33, yaani chini ya sehemu mbili katika elfu.

Je, usahihi huo hautoshi? Jibu linategemea swali linaloulizwa. Kwa mujibu wa nadharia inayotumika sasa, uzito wa kwaki topu na ule wa chembe ya Higgs, iliyogunduliwa mwaka 2012, ndio hasa unaoonyesha iwapo ulimwengu umetulia daima au umetulia kwa muda tu, mithili ya mtungi uliowekwa ukingoni mwa rafu. Vipimo vya sasa vinaelekeza kwenye ukingo huo. Hapana sababu ya hofu, kwani muda unaokadiriwa kabla ya mtungi kuanguka unapita mno umri wa ulimwengu. Hata hivyo, tofauti ndogo ya uzito yaweza kuligeuza jibu, iwapo hakuna nguvu nyingine zisizojulikana bado.

Mtambo wa sasa, wenye mzingo wa kilomita 27, una kikomo chake. Hugonganisha protoni, na protoni ni mfano wa gunia lililojaa chembe nyingine. Magunia mawili yakigongana, vitu vingi hutawanyika kwa pamoja, na kutenganisha kilicho cha topu na kisicho chake huhitaji hesabu za makadirio. Mtambo mpya ungegonganisha elektroni na pozitroni, chembe zisizo na kitu ndani. Watafiti wangeongeza nishati hatua kwa hatua hadi jozi za kwaki topu zianze kutokea, na kutokana na kiwango hicho uzito ungejulikana moja kwa moja zaidi. Kosa linatarajiwa kupungua kwa takriban mara kumi.

Wakosoaji hawapingi manufaa hayo. Wanahoji bei yake. Ujerumani, mchangiaji mkubwa kuliko wote, ilikwisha kuonyesha mashaka mwaka 2024 kuhusu uwezo wa kuugharimia mradi. Wapo pia wanasayansi wanaochelea kuwa mtambo mmoja utameza fedha za tafiti nyingine kwa miongo kadhaa.

Ni dhahiri kwamba kwaki topu peke yake haiwezi kuhalalisha gharama hiyo. Lakini ndiyo inayoonyesha vyema kiini cha mjadala: mradi hauahidi chembe mpya, bali kipimo bora cha zile zinazojulikana. Serikali zitakazopiga kura zitalazimika kuwaeleza walipa kodi wao waziwazi kuwa wananunua uhakika, wala si ugunduzi uliokwisha kuahidiwa.